Dust keki

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unakumbuka tulivyokuwa tunasafisha vyumba hotelini? "Dust" si ilikuwa kufuta vumbi?

Sasa bosi wangu wa keki katoka, akaniandikia: "Dust keki ya harusi." Nikaitazama, kweli ina unga mweupe upande mmoja, na mwingine bakulini kando yake. Nikachukua brashi, nikaufuta wote. WOTE! Keki ikabaki nyeusi tii.

Bosi akapiga simu: "Umedust vizuri?"

Nikamjibu kwa maringo, "Hata chembe haijabaki!"

Akacheka. "Yaani umeinyunyizia sukari yote? Ndiyo maana nakupenda."

Kunyunyizia?! Shoga, KUNYUNYIZIA?! Neno lilelile!

Na sukari yenyewe, hata ile ya bakulini, nimeshaizoa na taka.

Mama wa bibi harusi anabisha hodi. Nimeshika brashi.

Nimwambie nini?