Makapu Mawili ya Nguo Chafu

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi

Hapana, hadi jana sikuwa nimemwambia mume wangu, Idrisa. Nilijua fika kwamba aliyemtia Shangazi yake Zubeda hofu ni mimi, nikatulia kama maji ya mtungini.

Leo nimesema.

Hii ni wiki ya sita ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo wa Idrisa mlangoni, hapa kwetu Anderlecht, Brussels, moyo unaruka. Nampenda mno! Nampenda anavyovua viatu huku akinisimulia habari za viini vya atomu, utafikiri ni majirani zetu. Mimi niliishia sekondari Bujumbura, na sasa napunguza suruali za watu kwenye duka la ushonaji Saint-Gilles. Fizikia niliiacha kwenye chumba cha mtihani. Yeye hachoki kunieleza.

Kazi yake ni kumulika viini kwa miali ya gama, mwanga usioonekana wenye nguvu nyingi. Kiini kikikutana na mwali wa nguvu inayokifaa, kinaumeza, usumaku wake unatikisika, kisha kinautoa tena. Kwa kupima miali inayotoka, Idrisa anajua ndani kulitikisika nini. Mashine yenyewe iko Ujerumani. Zamu hupangwa miezi mingi kabla, na yake ni Jumatatu. Ikipita, imepita.

Sasa kosa langu. Ijumaa ya wiki iliyopita nilipeleka pilau Ganshoren kwa Shangazi, kama bibi harusi anavyotakiwa. Ndiye aliyemlea Idrisa tangu walipofika huku wakimbizi. Akaniuliza, “Alors, bibi harusi, bwana wako anafanya kazi gani kabisa?”

Nikaona fahari. “Mionzi, Tantine!”

Kijiko kikasimama hewani. Yeye husafisha hospitali, na mlango wenye alama ya mionzi huupita mbio. “Mionzi? Donc utanizalia nini, taa?”

Nikacheka. Lakini sikumtetea mume wangu. Kwa nini? Kwa sababu na mimi nilikuwa naogopa.

Jumatano akampigia Idrisa simu: asiende Ujerumani, kama bado anamhesabu kuwa mama. Idrisa hajawahi kumkatalia neno. Siku mbili begi limekaa wazi sakafuni, tupu. Akawa anajiuliza kwa sauti nani kamwambia Shangazi mambo ya mionzi. Mimi nikainamia sindano yangu.

Leo asubuhi alitaka kufua, akakuta makapu mawili ya nguo chafu. Lake na langu. Tangu wiki ya kwanza nafua nguo zake mbali na zangu, kwa maji ya moto kabisa, nikimwambia ni kwa ajili ya rangi.

“Rangi gani, mke wangu? Zangu nyeusi, na zako nusu nyeusi.”

Nikalia. Nikasema yote: niliyomwambia Shangazi, na hofu yangu kwamba mionzi hushika kwenye nguo zake.

Hakukasirika. Alichukua mkasi wangu wa kazi, akaufungua na kuufunga kidogo kidogo. Akasema kwenye viini vingine, vile vilivyorefuka kama yai, protoni na nyutroni hucheza hivi, kama meno mawili ya mkasi, bila kukata kitu. Halafu akazima taa ya jikoni.

“Umeona mwanga umebaki kwenye shati langu? Basi na miali yetu ni hivyo. Mashine ikiwaka, tuko nyuma ya ukuta mnene. Ikizimwa, imezimwa.” Akanionyesha na beji ndogo anayovaa kifuani kupima mionzi. Haijawahi kukutwa na la kutisha.

Kisha akasema, “Ungeniuliza mimi. Siyo kapu.”

Siyo kapu! Nimelirudia neno hilo siku nzima. Nimelala ubavuni mwake wiki sita, na hofu yangu nikaipa mashine ya kufulia.

Mchana akampigia Shangazi, akamwomba radhi kwa heshima, akamwambia atakwenda. Shangazi hakukubali wala hakukataa. Alisema tu, “Bon,” akakata. Hiyo “bon” yake, yaani “haya”, naijua: ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Maneno niliyaacha nusu mimi, nitayamaliza mimi.

Nguo zetu sasa zinazunguka pamoja. Soksi yake imeikumbatia kanga yangu, naiona kwenye kioo.

Kabla mwezi haujaisha, Tantine, Idrisa akisharudi, nitakuja Ganshoren. Nitaleta pilau tena. Na nitakuwa nimevaa sweta atakalotoka nalo maabara, kabla halijafuliwa.