Skrubu Iliyo Juu ya Karatasi Hii

Mama watoto na wanangu,

Maziwa nimeshachemsha, yafunikeni. Mnunuzi wa gari akija saa sita, ~~mwambieni anisubiri~~ mwambieni gari haliuzwi tena.

Miaka yote ekseli ya nyuma inatema oili hadi kwenye breki, nami kazi yangu ni kubadilisha sili, kile kizibo cha kuzuia oili, na kumlaumu muuza duka. Leo asubuhi kitindamimba wetu aliingia chini ya gari, akatoka na skrubu mkononi. "Baba, nani aliziba tundu la hewa la ekseli kwa hii?"

Ni mimi. Nililiziba mwaka ule wa mvua, maji yasiingie. Kumbe ekseli ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, na ikikosa pa kutokea inaisukuma oili ipenye kwenye sili. Nikamfokea kwa aibu tu. Akaendelea na kazi. Alivuta mpira mwembamba wa hewa kutoka kwenye tundu hadi ndani ya buti la gari, akauacha ulegee kidogo usikatike gari likirukaruka, kisha akafunga filta ndogo ya petroli mwishoni ili vumbi lisiingie.

Nimelipandisha mlima na kurudi. Gurudumu kavu kabisa. Nimeenda nalo kazini makusudi, waniulize ni mkono wa fundi gani.

Maji ya moto ni yake kwanza, ana grisi hadi masikioni.

Skrubu msiitupe. Siku nikianza tena kujifanya najua kila kitu, iwekeni kwenye sahani yangu, kimya kimya.

Baba, fundi msaidizi