Luhende Hayuko Kongo

Kigoma, Jumapili

Shemeji Masanja,

Nakusalimu kwa kuwa nimelelewa kusalimia, si kwa hamu. Mama mkwe anaendeleaje na magoti yake? Mwanangu Kabula kikohozi kimeisha? Hayo ndiyo ninayotaka kuyajua. Mimi ni mzima. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na nataka mama asomewe barua hii yote, bila kurukwa mstari.

Nimepata kazi ya kupika kwenye boti ya watu wanaochunguza tope la chini ya ziwa. Wanashusha chombo cha chuma chenye taya, kinauma tope, kinarudi nalo. Karibu na ufukwe wanapandisha konokono, kaa, na visamaki vinavyoishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa. Ukisogea kwenye kina, wanapungua. Ukienda mbali zaidi linakuja tope jeusi linalonuka kama yai viza, ndani yake hakuna hata mdudu. Hewa haifiki huko.

Wiki iliyopita Kabula alinipigia kwa simu ya jirani. Aliniuliza polepole, "Mama, eti baba ana watoto wengine Kongo? Baba mkubwa anasema mtu aliyezama huelea siku ya tatu, na baba hakuelea."

Nililia juu ya sufuria ya wali mpaka ukaungua.

Juzi tulipita nje ya Ikola, pale mtumbwi wa Luhende ulipookotwa mtupu baada ya dhoruba. Nilimwomba mkuu wa watafiti, mama mmoja mkimya, wapime pale. Kamba ilishuka mpaka nikachoka kuitazama. Likaja lile tope jeusi. Nikamuuliza kama aliyezama hapo huelea.

"Wa ufukweni huvimba, akaelea," alisema. "Huku chini uzito wa maji haumwachi avimbe. Aliyefika huku hubaki huku."

Basi sikia, Shemeji. Mdogo wako hakutoroka. Wewe ndiye uliyemwambia, mbele yangu, kwamba shamba la Kakese halilishi wanaume wawili, aende ziwani akajitafutie. Ndiyo maana humtaki marehemu, unamtaka mtoro. Mume akitoroka, wa kulaumiwa ni mke.

Nahodha alizima injini. Wanaume wakavua kofia. Nilimwita Luhende kwa jina lake na la baba yake, nikamuaga. Mimi nimeshazika. Wewe uite ukoo, mkae matanga, na umwambie Kabula kwa kinywa chako kuwa ulisema uongo. Usipofanya, mwezi ujao nakuja kumchukua, na haya haya nitayasema uani kwako, majirani wakisikia.

Nisalimie mama mkwe, na wifi anayemsuka Kabula nywele, na jirani mwenye simu. Wewe nakuachia hayo niliyoandika.

Mimi, mjane wa mdogo wako,
Mbuke