Amekufuata Wewe

Chumba cha nyuma, Duka la Dobi
14 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Kifua chako kimepona, au bado unakohoa na baridi ya huko? Sisi wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo haujapata ugonjwa wowote. Kila siku analalamika kwamba umetutupa. Binti yangu Shoto amenipita kimo.

Kazini mashine kubwa imekufa, kwa hiyo mashuka ya hoteli tunayafua kwa mikono. Nisamehe mwandiko, vidole vimechubuka.

Sasa nikwambie kilichonishikisha kalamu. Wiki iliyopita nikiwa napiga pasi, nilifungua daftari la Shoto la Kiingereza. Insha ilihusu familia. Mimi nilipewa mistari miwili: nafua nguo, na nina sauti kubwa. Ukurasa uliobaki ni wewe tu! Mwisho kaandika: "I take after my aunt."

Kiingereza changu unakijua, ni cha kuombea maji. "Take" ni chukua. "After" ni baada. "Aunt" ni wewe. Nikajiunganishia mwenyewe: baada ya shule, mama mdogo atanichukua. Pasi nikaisahau juu ya kola ya mteja mpaka ikatoa moshi.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Ile barua yako ya Januari, uliyoomba Shoto aje kusoma kwako, niliipokea mimi. Sikumpa. Niliizika ndani ya ndoo ya sabuni ya unga, na Mama alipouliza nikasema hujaandika. Sasa nikadhani mmepata njia nyingine ya kusemezana kwa siri.

Kesho yake nikamfuata mwalimu wake shuleni, daftari kwapani.

"Mwalimu, huyu mtoto anaondoka lini?"

"Anakwenda wapi, mama?"

Nikamwonyesha mstari. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema maneno hayo mawili yakitembea pamoja hayana safari ndani yake. "After" ya zamani ilikuwa na maana ya nyuma ya mtu, kwenye nyayo zake. Mtoto anakuja nyuma yako, anachukua ulichonacho: pua, mwendo, tabia. "Sisi tungesema tu kwamba amemfuata mama yake mdogo," akamaliza.

Ungedhani nilishusha pumzi. Wapi! Safari ningeweza kuizuia, hili nalizuiaje? Maana ni kweli tupu. Anaandika kwa mkono wa kushoto kama wewe. Akicheka, anavuta pumzi kwanza kama anayetaka kupiga chafya, kama wewe. Miezi tisa nimembeba mimi, nguo zake nimefua mimi, halafu akufuate wewe uliyempakata mara mbili! Nakuonea wivu, mdogo wangu, wala haukuanza leo. Tangu utotoni wageni wakiingia walikuulizia wewe kwanza, mimi wakaniomba maji ya kunywa.

Jioni nikashindwa kujizuia. "Kwangu mimi hukuona hata kimoja cha kuchukua?"

Shoto akaacha kula. "Mama, wewe nakuona kila siku. Yeye nisipomwandika nitamsahau. Mbona hatuandikii tena?"

Nikaenda kwenye ndoo, nikatoa barua, nikaikung'uta sabuni, nikampa. Aliisoma kwa sauti mbele ya Mama, nami nimesimama kama mwizi. Mama hakunisemesha siku mbili. Shoto hakunigombeza. Alisema tu, "Nataka kwenda," kisha akalia, nami nikalia.

Basi atakuja, akimaliza mitihani. Nimekubali shingo upande, lakini nimekubali. Nisamehe kwa kuificha barua yako.

Msalimie shemeji, na mapacha uwabusu kwa niaba yangu. Mjomba fundi saa na ndugu zetu wa ukoo wote wanakusalimu. Mungu akulindie kifua na nyumba.

Nina ombi moja. Najua ana haki ya kukuita mama, wewe ni mama yake pia. Lakini mwache akuite mama mdogo. Hilo "mdogo" asilikate, hata akizoea.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na kijicho changu chote.