Sauti ya Baba Kwenye Diski

Kaka yangu,

Huku tunasukuma siku. Paa la duka linavuja palepale, na mama kagombana tena na fundi saa.

Ile ruhusa tuliyowaomba wenye programu ya kompyuta tunayouza kwenye diski imekuja. Programu yenyewe ni ya bure, yeyote anaweza kuinakili na kuiuza. Jina na nembo ndivyo vyenye wenyewe. Tukitaka kuviweka kwenye diski zetu, lazima programu iwe vilevile walivyoitengeneza wao, tusiongeze kitu.

Na sisi tuliongeza. Unaikumbuka salamu aliyorekodi baba, inayosikika kompyuta ikiwaka? Anakohoa kwanza, halafu anasema, "Karibu mwanangu. Bonyeza tu, haiumi." Wateja walikuwa wakicheka.

Tangu tumzike nilijaribu kuziuza diski bila jina, salamu yake ikiwa ndani. Watu wanaigeuza diski, wanauliza, "Hii ndiyo ile yenyewe?" Kisha wanairudisha mezani. Mwisho mama akaniambia, "Futa, tule. Hata marehemu angefuta." Akaingia jikoni, akafungulia bomba la maji mpaka nilipomaliza.

Diski za sasa zina nembo na zinatoka vizuri. Ukiwasha, kimya.

Nimekuwekea moja ya zamani humu kwenye bahasha. Hatukubakiza nyingine, na tafadhali usiirudishe. Juzi mteja alikohoa tu pale mezani, mama akatoka jikoni mbio, mikono imejaa sabuni.

Ni mimi dada yako,
wa dukani