Maji ya Kwanza ya Bati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, ila nikianza kuongea bila kukuamkia utanifinya hata kutoka huko.

Mvua zimeanza huku Endasak, na nimekukumbuka sana. Kwetu Maretadu, wingu likitanda tu ulitoka mbio na mabeseni ukayapanga chini ya bati. Lakini yale maji ya kwanza hukuyatia kwenye pipa hata siku moja, maana yaliosha vumbi la kiangazi chote na mavi ya ndege. "Haya ni ya wadogo," ulisema, na wadogo tukavuliwa nguo palepale. Ulitupatia kopo ulilolitoboa kwa msumari, na magunzi ya mahindi tuyaeleshe majini. Nilipoanza darasa la kwanza ukanifukuza: "Wewe sasa ni wa ndoo, kachote." Nililia, jamani!

Sasa nina Paulina, mjukuu wako ambaye hukumwona. Ana miaka miwili. Mwaka jana mvua ya mawe ilipiga bati letu akiwa amelala peke yake, na tangu hapo tone likigonga tu anaingia uvunguni, anatetemeka. Mama, iliniuma. Mtoto wa mkulima anayeogopa mvua ataishije huku? Nikamwekea beseni, kopo, magunzi. Wapi! Alipiga kelele mpaka majirani wakadhani namchapa.

Juzi ikaja mvua ya polepole, haina radi. Nikajifunga kitenge, nikakaa mimi mwenyewe ndani ya beseni, mtu mzima na makalio haya uliyonirithisha, nikajimwagia kopo kichwani. Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni.

"Mama Paulina, una akili kweli?"

"Ninazo mama, nacheza tu."

Nikaimba, nikapiga maji kwa viganja. Paulina alisimama mlangoni, kidole mdomoni. Akacheka kidogo. Akatoa mguu mmoja nje, akaurudisha. Basi, ikaishia hapo. Nikaingia ndani nimelowa chapachapa, na roho imeninyong'onyea.

Jana nilimwacha na bibi yake, nikaenda kupalilia maharage. Mvua ikashuka, tena kubwa. Nikatupa jembe nikakimbia, najua namkuta uvunguni analia.

Nilimkuta nje, chini ya bati, uchi wa mnyama, tope hadi kwenye nyusi! Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, anacheka mpaka machozi. Mimi nikaganda kwa furaha pale kwenye kona ya nyumba. Paulina akaniona nimesimama. Akadhani naogopa. Akaninyooshea mkono wake uliolowa.

"Mama, njoo. Haiumi."

Nikaenda, mama. Na nguo zangu zote.

Pumzika salama, mama yangu. Nimeona nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ni mimi, kitinda mimba wako