Barua Aliyoibeba Hasanali

Brampton, 4 Juni 2023

Mama mpenzi,

Salamun alaikum. Vipi magoti? Vipi sukari? Usinijibu "alhamdulillahi" peke yake kama kwenye simu. Niambie ilipanda au ilishuka. Mimi na Ehsan hatujambo, isipokuwa Ehsan ana mafua mwezi wa sita, hata Wakanada wanamshangaa.

Ulisema nikuandikie karatasi, maana kwenye simu nusu unasikia na nusu unabuni. Haya, karatasi hii. Nayo ni ya Kiswahili, kwa sababu Kigujarati chako kukisema najua, kukisoma ni kama kutazama nyayo za kuku.

Mama, mtu wa kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani atakuja Toronto mwezi wa kumi na moja kututazama. Nimengoja miaka sita. Siku tano nabeba masanduku ghalani, Jumamosi napigwa kwenye kumbi za makanisa mbele ya watu themanini na watoto wanaonitupia bisi. Mwenye ulingo bado anatuita, mimi na Ehsan, Wana wa Sultani. Tunavaa vilemba vya satini na kazi yetu ni kuzomewa. Najua unaona haya. Hata mimi huona haya, hasa akitokea mtu wa msikitini. Lakini kampuni ikinichukua nitapanda ulingoni kwa jina langu, Muntazir, basi.

Na usihofu. Nimekwambia mara mia kwamba si ugomvi. Nani atashinda tunajua tangu tunafunga viatu. Kuanguka ndiko kwa kweli, na anayekuangusha ndiye anayekulinda shingo. Kabla ya kumnyanyua mwenzako unambana mkono kwa siri. Akikubana naye, yuko tayari. Asipobana humnyanyui, hata kama ukumbi unaungua. Mwulize Ehsan.

Mwanao,
Muntazir


Tanga, 3 Julai 2023

Mwanangu Muntazir,

Wa alaikum salaam. Sukari ilipanda Iddi, kosa la Masi wako, mdogo wangu Zarina, aliyeleta halwa akanisimamia mpaka nikala. Magoti ni yale yale. Wewe unakula? Kwenye picha shingo imekuwa nene lakini uso umekwisha.

Sultani gani? Babu yako aliuza misumari na bawaba Barabara ya Kumi na Mbili, na hakuna aliyemwita hata bwana mkubwa. Mwambie huyo mwenye ulingo.

Nilimsomea Masi wako barua yako. Kwenye vilemba alicheka mpaka akajifunika uso na mtandio. Kisha akasema, "Dada, huko kubanana mikono, na Ehsan wangu hufanya hivyo?" Nikamwambia wao ndio hasa, wamelala kitanda kimoja utotoni, watashindwaje kujuana mikono? Akaridhika. Unajua alivyokataa mtoto asiende huko, mwanawe wa pekee, na baba yake amekufa. Mimi ndiye niliyemwambia mwache aende, Muntazir yupo, Ehsan ni amana mikononi mwa mwanangu. Nilisema mbele ya watu.

Muharram inaingia. Siku zile kumi vueni hivyo vilemba, msipande ulingoni. Kampuni kubwa itangoja.

Mama yako


Brampton, 19 Novemba 2023

Mama,

Salamun alaikum. Nakuombea afya, wewe na Masi. Huku theluji imeanza.

Nina habari mbili na zote ni za siku moja. Ya kwanza, wamenichukua. Nimetia sahihi mkataba wa miaka mitatu. Mwezi wa tatu nahamia Florida kwenye shule yao.

Ya pili, Ehsan ameumia shingo. Alikosea hesabu wakati wa kuruka, akaangukia vibaya. Hospitali wamemvisha kola. Anatembea, anakula, anatania. Mkono wa kushoto ndio bado mzito, hata kikombe hakikai. Madaktari wanasema subira. Amempigia Masi mwenyewe kumweleza. Mwambie asihofu. Namwogesha, namfunga vifungo vya shati, namkatia nyama.

Samahani kwa ufupi. Nimechoka.

Mwanao,
Muntazir


Tanga, 12 Desemba 2023

Mwanangu,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima. Mistari ikipanda na kushuka usinicheke, taa ya chumbani ni mbovu.

Mkataba nimeusikia nikalia, nikapika biriani nikawagawia majirani. Waliokuwa wanaguna kwamba mtoto wa watu anavaa chupi mbele ya wazungu, leo wanauliza kama utaonekana kwenye televisheni. Nimewaambia waulize huko Florida.

Lakini ninachotaka ukijue ni cha Masi wako. Alhamisi, baada ya majlis ya wanawake, alisimama akaomba dua. Alitaja jina lako kabla ya jina la mwanawe. Akasema mbele ya wote, "Mtoto wa dada yangu ameacha starehe zake anamwogesha mwanangu kama mama. Mimi nitamlipa nini?" Wanawake wakaitikia amin. Muntazir, sijawahi kuinua kichwa msikitini kama siku ile. Mungu akuweke.

Mama yako


Brampton, 14 Januari 2024

Mama,

Salamun alaikum. Hii isome peke yako. Usimsomee Masi. Nimempa mzee Hasanali wa msikiti wetu, ambaye anakuja Tanga kwa ndugu zake baada ya ziara ya Karbala. Nimemwomba akukabidhi mkononi.

Ehsan hakukosea hesabu.

Siku ile mwenye ulingo alitwambia mtu wa kampuni anachukua mmoja tu, basi tupambane mimi na Ehsan aone kila mtu peke yake. Tukapanga nishinde mimi. Ehsan ndiye aliyetaka hivyo. Alisema, "Wewe mkubwa, tangulia, utanivuta baadaye."

Katikati ya pambano aliangukia mgongo, pumzi ikamkatika. Zamu yangu ya kumnyanyua ikafika. Nikamwinamia, nikambana mkono. Hakunibana. Nikabana tena. Mkono ulikuwa umelegea. Mama, nilijua. Usiniandikie kwamba huenda sikujua. Niliinua macho, nikamwona mtu wa kampuni safu ya pili. Alikuwa ameacha kuandika, anatutazama. Ukumbi mzima umesimama. Nikasema moyoni, nikisubiri hapa nimekwisha. Nikamnyanyua.

Mtu aliye tayari hujirusha nawe, humsikii uzito. Ehsan alikuwa mzito kama gunia la mchele. Nikamwangusha, na shingo ndiyo iliyotangulia. Watu walishangilia sana.

Mwamuzi wetu ni Divin, Mkongo wa mtaa wa Lawrence Heights. Alinifuata chumba cha kuvalia.

"Muntazir, alikubana mukono?"

"Alinibana."

"Mie niliona ule mukono. Ulikuwa umelala."

"Divin, alinibana."

Akanitazama, akavua shati lake lenye mistari, akaondoka. Hajanisemesha tena.

Kampuni walikuja hospitali kuuliza. Hawamtaki mtu anayeumiza wenzake, hiyo ndiyo sheria yao ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo, Ehsan akiwa amelala na shingo imefungwa aliwaambia, "Kosa langu. Niliruka kabla ya wakati." Wakaandika hivyo. Walipotoka aliniambia, "Mmoja wetu lazima aende." Hajaniuliza chochote mpaka leo. Asubuhi namfunga vifungo, naye anatazama ukuta.

Wewe umeniandikia dua ya Masi. Alinitaja mimi kabla ya mwanawe, na wanawake wakaitikia. Nikisema kweli, mkataba unakufa na shingo ya Ehsan inakuwa imevunjika bure. Nikinyamaza, naendelea kuombewa na mama wa mtu niliyemvunja. Naona haya, Mama. Nikijiangalia kwenye kioo naona haya, na nikimwona Ehsan anahangaika na kijiko naona haya zaidi. Niambie nifanye nini.

Mwanao, kama bado unataka niwe,
Muntazir


Tanga, 18 Januari 2024

Mwanangu Muntazir,

Wa alaikum salaam. Usishangae mwandiko. Ni wa Masi wako Zarina, maneno ni yangu. Nilikuficha jambo. Macho yangu yameziba, mtoto wa jicho, yote mawili. Nilikudanganya habari ya taa. Barua ile ya Desemba nilibahatisha mistari. Niliona haya kukwambia, ukiwa na furaha yako na mgonjwa wako, kwamba na mama yako ni kipofu. Lakini mficha uchi hazai. Jana nimemwagia chai mgeni mapajani, nikasema basi, leo namwambia.

Usiwe na wasiwasi. Nitapasuliwa mwezi wa nne. Mpaka hapo Masi wako ndiye macho yangu. Amehamia chumba cha nyuma. Ananisomea, ananiandikia, hata simu yangu anakaa nayo yeye. Anasema niseme kwamba na uji ananipikia. Haya, amejiandikia mwenyewe.

Tumepata habari kwamba mzee Hasanali anakuja na barua yako. Tunaingoja kwa hamu. Masi wako anakaanga visheti kabisa. Siku hiyo tutakaa barazani anisomee polepole, neno kwa neno. Hii ataipiga picha akutumie kwa simu, ikufikie leo leo.

Mama yako
(na Masi wako anakusalimu sana, anakuombea kila swala)


Brampton, 19 Januari 2024

Mama, na Masi,

Salamun alaikum. Poleni kwa macho. Mungu atasaidia.

Naituma hii kwa picha vilevile ili iwahi. Mzee Hasanali akifika na barua yangu, naomba isifunguliwe. Ni upuuzi tu, mambo ya ulingoni, niliandika nikiwa na homa. Ichomeni. Nimempigia Hasanali mara tisa, simu yake imezimwa. Asubuhi nilipiga kwako, Mama, akapokea Masi, nikauliza habari za mvua nikakata. Masi nisamehe, nilikuwa na haraka.

Ehsan anaendelea vizuri.

Mwana wenu,
Muntazir


Tanga, 2 Februari 2024

Muntazir,

Salamun alaikum. Mama yako mzima, sukari haijapanda, uji amekunywa. Hayo ni yake. Yanayofuata ni yangu, naye amelala chumbani.

Hasanali alifika Jumanne, amekonda kwa safari, barua yako ameishona ndani ya mfuko wa koti. Nilitaka kuichoma kama ulivyoomba. Nilikuwa nimeshashika kiberiti. Mama yako akasema, "Mtoto akiomba barua isifunguliwe ana shida. Fungua." Nikafungua. Nilipofika pale uliposema usimsomee Masi, nilicheka. Nilidhani umepata msichana. Nikamwambia mama yako, "Dada, tega sikio," nikaendelea.

Nilisoma yote. Mama yako aliniambia "Basi, Zarina" mara mbili, sikuacha. Nilipomaliza alishuka kwenye kiti akapapasa sakafu, anatafuta miguu yangu aibusu. Dada yangu mkubwa, aliyenilea. Nilimwinua kwa nguvu. Hilo nalo umelifanya wewe, na mimi nimeliona zaidi kuliko hilo la shingo, kwa sababu la shingo sikuwepo.

Nikueleze ambalo hulijui. Tangu Novemba, kila Ehsan akinipigia simu, nimekuwa nikimgombeza. "Baba, kwa nini huangalii unachofanya? Mwenzio ana mkataba, wewe una kola." Nilimwambia hivyo mwanangu. Nilimwambia amwige Muntazir. Naye alikuwa ananijibu, "Ndiyo Mama, nitaangalia." Jana kapiga tena. Nilijua kila kitu, nikamwacha aseme tena kwamba kosa ni lake. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mtandio.

Mambo ya mkataba wako siyaingilii. Sitamwandikia mtu wa kampuni. Utawaambia au hutawaambia, hilo lako na Mungu wako, na wewe ndiye utakayevaa nguo zao. Nataka kitu kimoja tu. Mkalie mwanangu mbele. Usimfunge vifungo, usimkatie nyama, usishike chochote. Mtazame usoni umwambie mama yake anajua. Apumzike kunidanganya. Sauti yake imechoka, na mimi siku zote nilidhani ni maumivu.

Kwenye majlis sijasema kitu. Wanawake bado wanakuombea. Nakaa katikati yao, wakisema amin nami nasema amin, kwa sababu ya mama yako.

Kabla hajalala, mama yako alikaa karibu yangu akaniambia maneno ya kukuandikia. Alisema nikwambie anakupenda, na kwamba hajui afanyeje. Hayo nimeyaandika. Kisha akasema niandike kwamba Masi wako amekusamehe. Alinishika bega akingoja. Nikaichukua kalamu, nikaikwaruza juu ya gazeti kuukuu asikie inavyokwenda, nikamwambia tayari, dada, nimeandika. Akanibusu kichwani akaenda kulala.

Zarina